Hesabu Ipandayo na Isiyoshuka

Mwezi wa Julai mwaka 2023, katika jengo la Umoja wa Mataifa mjini New York, dola tatu jirani, yaani Rwanda, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilifika kila moja kwa zamu yake mbele ya baraza liitwalo Jukwaa la Ngazi ya Juu la Kisiasa, zikasoma taarifa ya mwendo wao katika Malengo ya Maendeleo Endelevu. Kila moja ilipewa dakika chache za kusema na chache nyingine za kuulizwa. Hapakuwa na alama wala adhabu, na shukurani zilikuwa nyingi kuliko maswali. Mwaka ule baraza lilikuwa limetenga malengo matano yatazamwe kwa undani, na miongoni mwake lilikuwamo la sita, ambalo ni maji safi, na la saba, ambalo ni nishati. Mtu aishiye Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo wenye ziwa mlangoni pake na mto wa umeme ubavuni pake, ambao pamoja na neema hizo akina mama wake hukesha wakilingoja bomba na kupika kwa makaa, angependa kujua taarifa ile ilinena nini juu yake; na zaidi ya hapo angependa kujua wale waliosema waliyapata wapi waliyoyasema. Sura hii inahusu swali hilo la pili.

Malengo yenyewe yalipitishwa tarehe 25 Septemba 2015, nayo ni 17. Chini ya malengo zimo shabaha 169, na chini ya shabaha vimo viashiria zaidi ya 230, ambavyo Baraza Kuu liliviridhia mwezi wa Julai 2017. Azimio lilisema waziwazi kwamba ukaguzi utakuwa wa hiari na utaongozwa na serikali zenyewe, na sababu yake haina haja ya kufichwa: lau isingalikuwa hivyo, dola nyingi zisingalitia mkono. Walakini hiari hiyo imezungukwa na wasimamizi. Kila kiashiria kina shirika linalokilea: vifo vya wazazi viko mikononi mwa Shirika la Afya Duniani, maji yako chini ya shirika hilo pamoja na UNICEF, elimu iko kwa UNESCO, njaa iko kwa FAO. Mashirika haya hupokea takwimu za nchi, huzilinganisha, na pale zinapokosekana hukadiria kwa kanuni za hesabu. Hata ikawa nchi moja yaweza kuwa na tarakimu mbili za jambo moja, moja ya kwake na nyingine ya shirika, na zote mbili zikachapishwa katika mwaka mmoja bighairi ya kugombana hadharani.

Kongo ilisoma taarifa yake ya kwanza mwaka 2020, pamoja na Kenya, Uganda na Burundi, mwaka ambao kwa sababu ya uviko mikutano ilifanyika kwenye skrini. Na ya pili ndiyo hiyo ya 2023. Vyombo vya kazi hiyo havikukosekana. Ipo Taasisi ya Taifa ya Takwimu. Upo Uangalizi wa Kongo wa Maendeleo Endelevu, uliowekwa chini ya Wizara ya Mipango. Zipo kamati, tena si haba. Kinachokosekana ni kitu kimoja ambacho vyombo vyote hivyo hukihitaji kabla ya kufungua mdomo, nacho ni idadi ya watu.

Hesabu ya mwisho ya watu wote wa Kongo ilifanywa mwezi wa Julai 1984, nchi ikiitwa Zaire na Kivu ikiwa bado jimbo moja, na watu waliopatikana walikuwa takriban milioni 30.7. Leo makadirio ya Umoja wa Mataifa yanapita milioni 100. Mtoto aliyehesabiwa mwaka ule akiwa mgongoni mwa mama yake amekwisha kupita umri wa miaka 40, na kila hesabu mpya iliyotangazwa tangu hapo imeahirishwa, mara kwa vita, mara kwa fedha, mara kwa uchaguzi. Ng'ambo ya daraja la Ruzizi, mahali ambapo mchuuzi wa soko la Kadutu hapa Bukavu huvuka asubuhi na kurudi jioni, Rwanda imewahesabu watu wake mwaka 1991, 2002, 2012 na 2022, na mara ya mwisho ikawapata milioni 13.2. Tanzania ilihesabu Agosti 2022 ikapata milioni 61.7, Kenya ilihesabu 2019 ikapata milioni 47.6. Basi mintarafu ya asilimia zisomwazo New York, majirani hawa hugawanya kwa namba waliyoihesabu, na Kongo hugawanya kwa namba iliyozidishwa kwa makisio ya ongezeko, mwaka hata mwaka, kwa muda wa miongo minne.

Sitaki msomaji adhani kwamba ni uzembe mtupu. Katika nchi hii kuhesabiwa kuna historia yake. Mbelgiji aliwahesabu watu ili awatoze kodi na awapeleke kazini, na mzee wa kijiji cha Kabare au cha Walungu alifahamu kwamba jina lililoingia daftarini lilikuwa jina lililokwisha kupatikana. Baada ya uhuru daftari lilihama mikono, tabia yake isihame. Ajabu ni kwamba orodha iliyo karibu zaidi na hesabu ya watu katika zama zetu ni ya wapiga kura: mwaka 2023 tume ya uchaguzi iliandikisha takriban watu milioni 43.9, na karte ya uchaguzi, kwa kuwa kitambulisho cha taifa hakikupatikana, imekuwa ndiyo hati ya kufungulia akaunti, kupokelea mzigo na kumwonyesha askari kizuizini. Watu hujipanga foleni kwa ajili yake tangu alfajiri. Dola ilipotaka kuwajua raia zake kwa ajili ya kura, iliweza; na watoto, ambao malengo mengi yanawahusu, hawapigi kura.

Watoto nao wana mlango wao, ambao ni ofisi ya etasivili, yaani ya kuandikisha vizazi, katika komuni. Sheria ya jamaa inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto bila malipo. Zikipita, jambo hilo ni la mahakama, na mahakama ina gharama zake. Uchunguzi wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba ni robo tu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano walioandikishwa, na ule wa 2017 na 2018 ukakuta asilimia 40. Ni maendeleo, na taarifa yoyote ya taifa ina haki ya kuyataja. Ila maana yake nyingine ni kwamba watoto watatu kati ya watano walikuwa bado hawajatambuliwa na dola iliyokuwa ikitoa habari zao.

Tarakimu, hata hivyo, hutoka mahali. Tuingie katika kituo cha afya kimoja cha Kadutu, ambacho hakina haja ya kutajwa, kwa kuwa vyote vyafanana. Mwisho wa mwezi muuguzi mkuu hufunga mlango wa chumba chake, akafungua rejista kubwa yenye safu za jina, umri, avenue na ugonjwa, akaanza kuhesabu kwa vijiti: vinne vya kusimama na kimoja cha kuvikata. Malaria waliopita miaka mitano hapa, wasiofika miaka mitano pale, waliojifungua, waliochanjwa sindano ya kwanza na waliorudi kwa ya tatu. Jumla huinakili katika fomu iitwayo kanevasi, kurasa nyingi kuliko wagonjwa wa siku, na fomu hupelekwa katika ofisi ya zoni, ambako karani huiingiza katika programu ya kompyuta iitwayo DHIS2, ikiwa umeme upo na mtandao upo. Zoni za afya za Kivu Kusini, jimbo letu, ni 34, na za nchi nzima ni 519. Kutoka zoni tarakimu huenda jimboni, kutoka jimboni Kinshasa, na kutoka Kinshasa, ikikaribia Julai ya mwaka wa taarifa, huvuka bahari. Pamoja na muuguzi wamo wale wahudumu wa kujitolea wa mtaa, ambao mjini hapa huitwa reko, wapitao mlango kwa mlango wakiuliza nani amezaa na nani hakumaliza chanjo. Hawana mshahara, na bila ya miguu yao rejista ingekuwa na habari za wale tu waliojileta.

Mpaka hapo kazi ni ya haki. Watoto 60 waliochanjwa ni watoto 60, na majina yao yamo. Taabu huanza pale muuguzi anapotakiwa aseme 60 hao ni wangapi katika kila 100. Hapo hutazama karatasi iliyobandikwa ukutani yenye idadi ya watu wa eneo lake, idadi iliyoshuka kutoka juu, iliyozidishwa kwa ongezeko la asilimia kama tatu kila mwaka. Huchukua takriban asilimia nne ya idadi hiyo akawaita wajawazito wanaotarajiwa, na sehemu ndogo kidogo ya hapo akawaita watoto wasiotimiza mwaka. Lakini Bukavu haikui kwa asilimia tatu. Hukua kwa usiku mmoja, pindi Kalehe inapowaka au Shabunda inapofungika, na familia nzima zikateremka na magodoro kichwani kwenda kujibanza kwa shangazi wa Bagira au wa Panzi. Watoto wao huchanjwa Bukavu, ilhali katika karatasi ya ukutani bado wako kwao. Matokeo yake ni kwamba kituo kimoja hupata chanjo zaidi ya 100 kwa kila watoto 100, na kingine, kilichoachwa na watu wake, huonekana kimelala. Na msimamizi anayekuja kukagua humkaripia huyu na kumsifu yule, ijapokuwa wote wawili wamefanya kazi moja.

Kwa sababu hiyo Kongo, kama nchi nyingi, haikutegemea rejista peke yake. Ilitegemea pia uchunguzi wa kaya, ambao huchagua nyumba chache kwa bahati na kuziuliza mengi. Mkubwa kuliko wote ni ule wa idadi ya watu na afya, uliofanywa mwaka 2007, kisha 2013 na 2014, kisha 2023 na 2024. Ningependa msomaji aone jinsi unavyopima kifo cha mzazi, maana ni jambo la kustaajabisha. Aliyekufa haulizwi, wala mumewe. Mdadisi huketi na mwanamke mwenye umri kati ya miaka 15 na 49, akamwuliza mama yake mzazi alizaa wangapi. Kisha huwataja mmoja mmoja kwa kufuatana kwao, yu hai au amekufa. Na akiwa ni dada aliyekufa, alikufa mwaka gani, je, alikuwa na mimba, au alikuwa akijifungua, au ilikuwa ndani ya miezi miwili baada ya kujifungua. Maswali haya huulizwa kwa sauti ya kazi, katika uwanja wa nyumba, watoto wakicheza karibu, na mama ajibuye aghalabu hunyamaza kwanza. Katika uchunguzi wa pili waliulizwa wanawake zaidi ya 18,000 nchi nzima, na kutoka kwa ndugu zao waliokufa ikapatikana tarakimu ya taifa: vifo 846 kwa kila watoto 100,000 wazaliwao hai. Wa kwanza ulikuwa umepata 549. Shabaha ya dunia kwa mwaka 2030 ni chini ya 70.

Mwenye haraka angesema kwamba katika miaka sita mauti ya wazazi yaliongezeka kwa zaidi ya nusu, na wako waliosema. Ilhali katika muda ule ule, kwa uchunguzi ule ule, vifo vya watoto wasiotimiza miaka mitano vilishuka kutoka 148 hadi 104 kwa kila 1,000, na ni vigumu kuamini kwamba kliniki moja iliwaokoa watoto na kuwaangamiza mama zao. Ukweli ni kwamba kifo cha uzazi, hata pale kilipo kingi, ni tukio adimu ndani ya nyumba chache zilizochaguliwa, na kila moja ya tarakimu hizo ina ukingo mpana wa shaka kuliani na kushotoni kwake. Ukingo huo huchapishwa katika ripoti kamili. Katika hotuba ya dakika kumi haupati nafasi.

Kivu imewahi kuuona ubishi mkubwa kuliko huo. Mwaka 2000, vita vikiendelea, wachunguzi wa Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji walikwenda Katana, kaskazini ya Bukavu, na mahali pengine pa mashariki, wakauliza nyumba kwa nyumba nani amekufa. Na kutoka chunguzi hizo na zilizofuata likatoka kadirio la watu milioni 5.4 waliokufa kwa vita na mashaka yake kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007. Dunia nzima ililikariri. Baadaye watafiti waliokuwa Kanada walilipinga, wakidai kwamba kiwango cha vifo vya kawaida kilichotumika kulinganishia, yaani 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi, kilikuwa cha bara zima na hakikuifaa Kongo. Wapimaji walibishana kwa haki, na kila upande ulikuwa na hoja. Ila wote walikuwa wakilikosa jambo lile lile, idadi ya kweli ya walio hai kabla ya risasi ya kwanza, na mzozo ambao ungeamuliwa na hesabu moja ya watu umebaki bila ya hakimu.

Nirudi kwenye maji, maana ndiyo yaliyokuwa mezani Julai ile ya 2023. Chukua uwanja mmoja wa Ibanda, mtaa wa Bukavu, wenye bomba la REGIDESO, shirika la maji la taifa. Katika zama za yale malengo manane ya mwaka 2000, bomba hilo lilitosha: kaya ilihesabiwa kuwa na chanzo bora, basi. Malengo ya 2015 yalikaza uzi, yakataka maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yasiwe na uchafu wa kinyesi wala sumu. Na kwa asiyefikia hapo yakaweka daraja la chini, chanzo bora ambacho kwenda, kungoja foleni na kurudi hakupiti dakika 30. Sasa bomba la uwanja ule lina kutu ya kungoja. Hutoa maji usiku wa manane, siku nyingine halitoi, na asubuhi wasichana huteremka na bidoni za manjano za lita 20 kwenda chemchemi au ziwani, wakapanda nazo mlima ambao Bukavu imejengwa juu yake. Mdadisi akiuliza chanzo chenu kikuu cha maji ya kunywa ni kipi, mwenye nyumba, kwa fahari ya kuwa ana bomba, atajibu bomba. Umeme ni vivyo hivyo: bwawa la kwanza la Ruzizi limekuwapo tangu mwisho wa miaka ya hamsini, la pili, ambalo ni la nchi tatu, tangu 1989, na nyumba iliyofikiwa na waya huandikwa kuwa ina umeme, hata kama taa yake ni ya mshumaa.

Lakini kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote si ya usahihi. Muuguzi wa Kadutu hupeleka tarakimu kila mwezi, na yule mama wa uwanjani huwataja dada zake marehemu, na wote wawili hawasomewi kamwe kilichotokea. Hesabu hupanda, haishuki. Azimio la 2015 lilihimiza ukaguzi ufanywe pia katika ngazi zilizo chini ya taifa, na wako walioitika: mwaka 2019 kaunti za Kenya za Kwale, Taita Taveta, Busia na Marsabit ziliandika taarifa zao wenyewe, na mwaka 2023 Mwanza, mji wa ziwa kama huu wetu, ukaandika ya kwake. Rwanda tangu 2006 ina imihigo, ahadi ambazo wakuu wa wilaya huzitia sahihi mbele ya Rais na kupimwa kwazo kila mwaka. Njia hiyo huleta bidii, ingawa nadhani huleta pia tarakimu zilizopakwa mafuta, kwa kuwa mtu anayeogopa alama hujifunza kuzipamba. Kwale yanipendeza zaidi, kwa sababu mkaguzi na mkaguliwa hukutana sokoni. Bukavu nayo haina upungufu wa wajuzi wa kuandika ya kwake: ina Chuo Kikuu Katoliki tangu 1989, ina Chuo Kikuu Rasmi, ina chuo cha walimu, na Lwiro, mwendo mfupi kaskazini, kuna kituo cha utafiti kilichoanza 1947.

Tena mji huu umekwisha kuonyesha mara moja nini hutokea tarakimu inapokuwa na mtu wa kusimama nayo. Hospitali ya Panzi ilifunguliwa mwaka 1999 kwa ajili ya wazazi, na wagonjwa wa kwanza waliomfikia Daktari Denis Mukwege walikuwa wanawake waliojeruhiwa kwa ubakaji wa vita. Rejista ya hospitali ile, ambayo haikuwa kiashiria cha mtu yeyote, aliibeba mwenyewe duniani, hata akafika Oslo mwaka 2018 kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Na katika hotuba yake hakuomba takwimu zaidi, bali alikumbusha kwamba kuna ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya makosa yaliyotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003, ambayo inaota ukungu katika mtoto wa meza huko New York. Ripoti, kwa hiyo, twaweza kuwa nazo na lisitendeke jambo. Ripoti ya mwaka 2024 ya Umoja wa Mataifa juu ya malengo haya yenyewe ilikiri kwamba ni asilimia 17 tu ya shabaha zilizokuwa katika mwendo wa kufikiwa.

Na sasa kuna jambo jipya. Katikati ya Februari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Bukavu, na serikali ya Kinshasa ikapoteza mji; katika miezi ile ile serikali ya Marekani ilikatiza fedha za mpango ule wa uchunguzi wa idadi ya watu na afya, ambao ilikuwa ikiugharimia katika nchi nyingi tangu 1984, mwaka wa hesabu yetu ya mwisho. Mtu atakayeandika taarifa ijayo ya Kongo ana njia mbili. Aweza kuchukua namba za zamani za Kivu Kusini akazizidisha kwa asilimia ya ongezeko, kama ilivyozoeleka, na jedwali lake likawa kamili, na mle ukumbini pasiwe na wa kumsahihisha. Ama aweza kuacha safu wazi, na kutia tanbihi kwamba wastani wa taifa hauyahusishi maeneo fulani. Mimi ningemsihi achukue njia hiyo ya pili, tena tanbihi hiyo asiifiche chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Aiweke juu, iwe kubwa, na azitaje zoni za afya moja moja kwa majina yake.